Gome la muthiga kwenye sahani na kwenye chupa: uchambuzi wa kisa cha Kangemi

Swali lilikuwa moja: je, mama muuza dawa aandike kwenye chupa zake za muthiga kwamba dawa yake imepimwa maabara, ina antioksidanti, yaani vitu vinavyosemekana kukinga seli zisiharibiwe, na inaua bakteria?

Mama mwenyewe anauza dawa za miti shamba sokoni Kangemi, kazi aliyoipokea kwa mamake. Mjukuu wake anasoma baiokemia katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Kwa mradi wake wa mwaka wa mwisho, kijana alichukua magome ya mti wa muthiga kibandani kwa shosho yake, akayakausha kivulini, akayasaga, akayaloweka katika methanoli, aina ya spiriti ya maabara, kisha akapima dondoo lililobaki baada ya methanoli kukauka. Matokeo yalikuwa mazuri. Shosho akafurahi, na mchapaji wa lebo kule River Road akawa ameshataja bei. Karatasi ya matokeo ililetwa kwangu kwa kuwa nafanya kazi katika maabara ya vijidudu na tunafahamiana na familia hii. Majina nayaacha, pamoja na lolote linaloweza kumtambulisha mtu.

Lakini kuna mtu mwingine katika kisa hiki, na kwa ajili yake sikutaka kujibu haraka. Ni mteja wa kibanda, mwanamke wa makamo, aliyekuwa akisikia moto kila anapokojoa. Habari za maabara zilimfikia hata kabla lebo haijachapwa, maana habari njema haingoji karatasi. Alinunua chupa ya muthiga akawa anakunywa asubuhi na jioni. Maumivu yakatoka kibofuni yakapanda ubavuni, karibu na mgongo, kisha homa ikaja na mwili ukatetemeka. Anayejua dalili hizo hufikiria jambo moja kwanza: maambukizi yameshafika kwenye figo. Akapelekwa hospitali, mkojo wake ukaoteshwa, akapewa antibiotiki iliyochaguliwa kulingana na bakteria aliyeota, akapona. Bakteria huyo alikuwa E. coli, ambaye duniani kote ndiye chanzo kikubwa cha maambukizi ya njia ya mkojo.

Karatasi ya kijana ilisema muthiga ulimzuia bakteria mwingine, Staphylococcus aureus, vizuri na E. coli kidogo tu. Haikuwa na uongo. Shosho naye alieleza alichosomewa, na mteja alifuata alichoelezwa. Kila mmoja alikuwa mkweli, na bado mtu aliishia kitandani na dripu. Nimeona visa vya namna hii vikimalizwa kwa kumtukana mganga, na vingine kwa kuisifu dawa ya kienyeji bila kuigusa. Njia zote mbili zinaniudhi, kwa sababu zote zinaruka kazi yenyewe, ambayo ni kufuata gome hatua kwa hatua tangu mtini mpaka mwilini.

Tuanze na mti. Muthiga ni jina la Kikuyu la Warburgia ugandensis, mti wa familia ya Canellaceae unaopatikana hata ndani ya jiji, katika msitu wa Karura. Gome lake linawasha ulimi kwa ukali wa pilipili. Wazee hulitafuna kwa kikohozi, kwa koo na kwa jino linalouma. Ukali huo una kemia yake, tena kemia iliyo na historia hapa hapa Nairobi. Mwaka 1970 Thomas Odhiambo alianzisha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu, na miongoni mwa wanasayansi walioshirikiana nayo alikuwa mwanakemia Koji Nakanishi. Mwaka 1976 yeye, Isao Kubo na wenzao walichapisha habari za viambato kutoka miti ya Warburgia ya Afrika Mashariki vinavyowafanya viwavijeshi wakatae kula. Viambato maarufu vya jamii hiyo ni warburganali, muzigadiali na poligodiali: molekuli ndogo zenye aldehaidi mbili (vikundi vya atomi vyepesi kushikamana na vitu vingine) zilizokaa karibu karibu, zinazonasa protini upesi. Poligodiali imeonekana kuwa kali hasa kwa fangasi wa kandida. Kwa hiyo anayesema kwamba ndani ya gome hili hamna kitu hajui anachokisema.

Sasa karatasi. Upande wa antioksidanti kijana alitumia kipimo cha DPPH, ambacho mwanzo wake ni kazi ya Marsden Blois ya mwaka 1958. DPPH ni radikali huru, yaani molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake, ila hii imetulia, na rangi yake ni zambarau. Ukiichanganya na kitu kinachoweza kuipa elektroni au haidrojeni, zambarau hufifia ikawa manjano, na mashine husoma mabadiliko hayo kwenye mwanga wa nanomita 517. Ni kipimo rahisi na cha bei nafuu, na ndiyo sababu kimejaa katika miradi ya wanafunzi. Shida ni kwamba mimea mingi yenye tanini, viambato vya ukakasi vya jamii ya polifenoli, hugeuza rangi hiyo. Majani ya chai ya Kericho yatafanya hivyo bila kusitasita. Isitoshe, DPPH haimo mwilini mwa binadamu. Polifenoli ukizinywa hukutana na utumbo na ini, ambavyo huzibadilisha umbo, na kiasi kinachofika kwenye damu huwa kidogo sana kuliko kile kilichokuwa kwenye kikombe.

Hapa nilimwambia kijana habari mbili ambazo kila anayeuza neno "antioksidanti" angefaa kuzijua. Ya kwanza ni ya Finland. Wavuta sigara wanaume 29,133 walifuatiliwa katika jaribio ambalo baadhi yao walipewa beta-karotini, antioksidanti inayosifiwa, kwa matumaini kwamba itawakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliopewa beta-karotini walikuwa wamepata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakupewa. Ya pili ni ya Marekani, ambako mwaka 2012 wizara ya kilimo iliondoa orodha yake ya vyakula vilivyopangwa kwa nguvu za antioksidanti zilizopimwa maabara, kwa sababu namba zile zilitumika kuuzia bidhaa na hazikuonyesha faida kwa afya ya mtu. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama basi kipimo chake ni bure. Si bure. Kinaonyesha kwamba dondoo lina polifenoli za kutosha kufuatiliwa, na kinaweza kumsaidia kulinganisha gome la msimu mmoja na la msimu mwingine. Ila hakina neno lolote la kumwambia mgonjwa.

Upande wa bakteria ndio mzito, na ndio uliomgusa yule mama wa mkojo.

Kijana alipaka bakteria kwenye sahani ya agari, yaani jeli ya kuoteshea vijidudu, akaweka visahani vidogo vya karatasi vya milimita 6 vilivyolowana dondoo, akaacha usiku kucha kwenye nyuzi 37, asubuhi akapima duara ambamo bakteria hawakuota. Pembeni aliweka kisahani cha gentamisini, antibiotiki ya hospitali, kwa ajili ya kulinganisha. Duara la muthiga kwa Staphylococcus lilikaribia la gentamisini, na hapo ndipo shosho alipoambiwa kwamba dawa yake "inakaribia ya hospitali". Nikamwomba kijana anionyeshe vipimo. Kisahani cha gentamisini hubeba mikrogramu 10. Chake kilibeba mikrolita 20 za dondoo lenye miligramu 500 kwa kila mililita. Tulipiga hesabu pamoja: hizo ni miligramu 10, yaani mikrogramu 10,000. Muthiga uliwekwa mara elfu moja zaidi, kwa uzito, ndipo ukakaribia. Na hata hesabu hiyo si ya haki kwa upande wowote, kwa sababu ukubwa wa duara hutegemea pia jinsi kitu kinavyosambaa ndani ya agari. Molekuli zinazopenda mafuta husambaa kwa shida hata zikiwa na nguvu. Milimita za dondoo na milimita za antibiotiki hazikai kwenye mizani moja.

Kulikuwa pia na kisahani kilichokosekana, kile chenye methanoli peke yake, kilichokaushwa vilevile, ili tujue kama kiyeyushi kimechangia. Nilimtaka airudie kazi akiwa nacho. Alirudia, na duara likabaki; methanoli haikuwa na hatia.

Kipimo bora zaidi ni kupunguza dondoo hatua kwa hatua kwenye mchuzi wa kuoteshea na kutafuta kiasi cha chini kabisa kinachozuia bakteria. Ríos na Recio, walioandika mwaka 2005 kuhusu makosa ya utafiti wa mimea na vijidudu, walishauri kwamba dondoo ghafi linalofanya kazi chini ya mikrogramu 100 kwa mililita lina mvuto, na linalohitaji zaidi ya miligramu 1 kwa mililita lisitiliwe maanani. Tuseme dondoo fulani linahitaji miligramu hiyo 1. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Ili damu yote ifike kiwango hicho zinatakiwa gramu 5 za dondoo kavu ziingie kwenye damu zote kwa pamoja, bila chembe kupotea tumboni wala kwenye ini. Mtu yeyote aliyewahi kutafuna kipande cha muthiga anajua kwamba gramu 5 za kile kikali hazimezeki.

Kijana alinipinga hapa, na alinipinga vizuri. Alisema kuna dawa zinazojikusanya kwenye mkojo, kwa hiyo hesabu ya damu haitoshi kuhukumu dawa ya kibofu. Ni kweli. Nitrofurantoini hufanya hivyo hasa, na ndiyo maana hutumika kwa maambukizi ya kibofu. Lakini nitrofurantoini hiyo hiyo haitumiki maambukizi yakifika kwenye figo, kwa sababu kwenye nyama ya figo haifikii kiwango cha kutosha. Na aldehaidi zinazonasa protini zitakutana na protini za mdomo, za chakula na za utumbo muda mrefu kabla hazijaona mkojo. Anayetaka kudai kwamba muthiga hutibu njia ya mkojo apime mkojo wa waliokunywa muthiga. Karatasi ya kijana haikufika huko, wala haikudai kufika.

Kuna pia ukuta wa E. coli wenyewe. Bakteria wa kundi hilo, linaloitwa Gramu hasi, wana utando wa ziada upande wa nje unaozuia vitu vingi vinavyopenda mafuta visipenye. Staphylococcus hana utando huo. Ndiyo sababu dondoo nyingi za mimea humshinda Staphylococcus na kugota kwa E. coli, na neno "inaua bakteria" kwenye lebo linawaweka wawili hawa kwenye kapu moja. Mgonjwa wa kisa hiki alikuwa na yule ambaye dawa haikumweza.

Yote hayo ni ya dondoo la methanoli. Chupa ya Kangemi haina methanoli, na ashukuriwe Mungu, maana methanoli hupofusha na kuua. Shosho huchemsha magome kwa maji kwenye sufuria kubwa, juu ya jiko la makaa, kutwa nzima, akachuja kwa kitambaa, akatia kwenye chupa za soda zilizokusanywa na kuoshwa. Nilipendekeza tuipime hiyo chupa. Kijana alishangaa kidogo, kwa sababu chuoni hakuna aliyemwambia apime kitu ambacho watu hunywa kweli.

Maji ya chupa yaligeuza DPPH kuwa manjano vizuri sana. Kwenye sahani ya Staphylococcus hayakuacha duara la kuonekana. Tulipopaka maji yenyewe kwenye agari tupu, bakteria wakaota.

Matokeo hayo matatu ndiyo kiini cha kisa hiki. Tanini huyeyuka kwenye maji ya moto, kwa hiyo rangi ya kipimo cha antioksidanti ilibaki ileile. Aldehaidi kali za muthiga haziyeyuki vizuri kwenye maji, na sufuria inayotokota kutwa haizihifadhi. Maneno mawili ambayo lebo ilitaka kuyafunga pamoja yaliachana ndani ya sufuria: moja lilibaki, jingine likaenda. Kisha chupa iliyotumika, maji yaliyopoa wazi na siku kadhaa za jua sokoni vikaleta wageni. Dawa ya kuua bakteria ilikuwa inawafuga.

Jambo la moto na kiyeyushi si dogo hata kidogo. Tu Youyou wa Uchina, alipotafuta dawa ya malaria katika mmea wa Artemisia annua, alipata nguvu ya kuaminika pale tu alipoacha kuchemsha na kutumia etha, kiyeyushi kingine, kwa joto la chini. Artemisinini ilipatikana mwaka 1972, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Nilimweleza shosho habari hii, naye akanijibu kitu ambacho kimenikaa: "Daktari, mama yangu hakuwa anachemsha muthiga. Alikuwa anatupa tutafune. Chupa tulianza kwa sababu watu wa mjini wanataka chupa."

Hebu tuitazame kauli hiyo kwa jicho la kemia. Anayetafuna gome huzitoa aldehaidi papo hapo, bila moto, zikachanganyika na mate na kugusa koo, ufizi na ulimi moja kwa moja. Haihitajiki damu lita 5. Kiwango cha miligramu 1 kwa mililita, ambacho kwenye damu ni ndoto, kwenye mate ya mtu anayetafuna ni jambo linalowezekana. Matumizi ya wazee kwa kikohozi, koo na jino yanaendana na tabia ya kiambato kuliko chupa ya mjini inavyoendana nayo. Sisemi kwamba hiyo ni tiba iliyothibitishwa. Majaribio kwa wagonjwa ni kazi nyingine. Nasema kwamba maarifa ya zamani yalikuwa na njia ya kutumia, kipimo na mahali pake mwilini, na tulipoyahamishia mjini tukabeba jina la mti tukaacha njia. Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 2011, Wakenya walipovuka mpaka kwenda Samunge, Loliondo, kule Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga. Miaka mitano kabla yake, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walikuwa wamechapisha kwamba dondoo la mizizi ya mti huo, Carissa edulis, lilizuia virusi vya herpesi maabara na kwa panya. Kutoka hapo mpaka kuponya kisukari, saratani na UKIMWI kwa kikombe kimoja hakukuwa na daraja lolote, na watu waliacha dawa zao wakavuka.

Kuhusu lebo, jibu langu lilikuwa hapana, na sababu zake si za maabara tu. Anayeandika kwenye chupa kwamba dawa inatibu au inaua vijidudu anaingia katika eneo la Bodi ya Famasia na Sumu, ambako dawa za mitishamba husajiliwa. Sheria ya Afya ya 2017 inaitambua tiba ya jadi. Haimpi mtu ruhusa ya kudai lolote. Mjukuu naye ana wajibu wake. Maarifa aliyoyatumia ni ya shosho na ya jamii yake, na tangu mwaka 2016 Kenya ina sheria ya kuyalinda maarifa ya jadi. Ni damu moja, ndiyo, lakini nilimshauri aandike kwenye ripoti maarifa yalitoka kwa nani, na aombe ridhaa yake kwa maneno wazi. Shosho alicheka alipoombwa, kisha akakubali, kisha akaongeza sharti kwamba mahali anapochuna pasitajwe. Ripoti haikupataja.

Kulikuwa na pengo jingine: hakukuwa na sampuli ya kumbukumbu ya mti. Gome likishasagwa ni unga wa kahawia, na sokoni unga wa kahawia ni mwingi. Kijana alipeleka tawi lenye majani katika Hebaria ya Afrika Mashariki, kwenye Makumbusho ya Taifa, mkusanyiko wa mimea iliyokaushwa ulioanzia Amani, Tanganyika, mwaka 1902 na kuhamia Nairobi mwaka 1950. Wakathibitisha ni Warburgia ugandensis kweli. Bila hatua hiyo, karatasi nzima ingekuwa ya mti usiojulikana.

Na mti huo unachunwa. Ukizungusha panga ukavua gome pande zote za shina, mti hufa, kwa sababu njia ya chakula kutoka majani kwenda mizizi imekatika. Warburgia salutaris, ndugu yake wa kusini, umeripotiwa kutoweka porini nchini Zimbabwe kwa uvunaji wa namna hii. Majani hukua tena. Kijana sasa analinganisha jani na gome, kwa njia ileile na kwa uzito uleule, na kwa maoni yangu kazi hiyo ina thamani kuliko mradi wake wa kwanza.

Kibandani mambo yamebadilika kiasi. Shosho ameacha kuuza maji ya muthiga kwenye chupa. Anauza vipande vikavu vya kutafuna na kutema, vikiwa kwenye karatasi yenye jina la mti na tarehe ya kukaushwa. Wajawazito hawauzii. Anayelalamika kuwashwa anapokojoa anaelekezwa kituo cha afya akapimwe mkojo, na mwenye homa na maumivu ya ubavu anaambiwa aende siku hiyo hiyo. Kwa watoto wenye kikohozi tulikubaliana na kipimo cha Shirika la Afya Duniani: mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 akipumua mara 40 au zaidi, hapewi kitu kibandani, anapelekwa hospitali, maana huenda ni nimonia. Anahesabu kwa saa ya simu yake, na namba hizo amezibandika kwenye nguzo.

Mapato yake yameshuka. Chupa ilikuwa na faida kuliko kipande cha gome, na wateja wengine wamehamia vibanda vya jirani, ambako chupa bado zipo na lebo zinaahidi kila kitu. Aliniuliza kwa nini yeye ndiye apungukiwe wakati aliyekubali kupimwa ni yeye. Sikuwa na jibu la kumtosha. Nilichoweza kumpa ni hiki: mjukuu wake akimaliza kulinganisha majani, mbinu yote ya kukausha na kupima itaandikwa kwa jina lake shosho kama mwenye maarifa, na nakala itabaki mikononi mwake kabla haijaenda popote.